Hapa Palikuwa na Nini? Kuisoma Kaunti ya Mombasa kwa Ramani za Kale

Watu wa Mombasa wana swali moja lisilowaisha. Kijana wa Kisauni anachimba msingi wa nyumba, jembe linagonga kaburi, anauliza. Mama wa Changamwe anaambiwa kwamba nyumba aliyoijenga babu yake imesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine, naye anauliza. Mwanafunzi anapita Makupa ndani ya matatu, maji kulia na maji kushoto, anauliza vilevile: hapa palikuwa na nini kabla yetu?

Wengi wetu hukimbilia kwa wazee, na ndivyo ipasavyo. Lakini mzee wa miaka 80 alizaliwa bandari ya Kilindini ikiwa imeshajengwa na reli imeshapita. Kwa yale yaliyotangulia hapo tunabaki na simulizi alizorithi, nyaraka, na ramani. Sura hii inahusu ramani: namna ya kuzipata, namna ya kuzisoma, na namna ya kutodanganywa nazo. Ramani nyingi za kale za pwani yetu zilichorwa na watu waliotaka kitu kutoka kwetu. Walichokitaka wakakichora kwa makini, na kilichobaki wakakiacha.

## Usitafute neno "kaunti"

Kaunti zetu 47 zimetokana na Katiba ya mwaka 2010, na serikali zake zilianza kazi mwaka 2013. Mombasa ndiyo namba 001, na kwa eneo ndiyo ndogo kuliko zote. Ukiingia kwenye hifadhi ya nyaraka ukaomba ramani za "Kaunti ya Mombasa" za mwaka 1910, utaambiwa hakuna, na utaondoka mikono mitupu huku ramani zenyewe zimejaa kabatini.

Mombasa imepitia mikono mingi, na kila mkono uliandika jina lake. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa ndani ya Seyidie, mojawapo ya majimbo ya Himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Baadaye ikawa sehemu ya Mkoa wa Pwani. Kwenye ramani za Wareno utaikuta Mombaça, na kwenye nyingine za Ulaya Mombaza au Mombas. Tafuta kwa majina yote hayo. Tafuta pia kwa majina ya mahali padogo: Kilindini, Makupa, Likoni, Port Reitz, Frere Town. Mara nyingi karatasi yenye jina dogo ndiyo yenye habari kubwa.

Mipaka nayo haikukaa mahali pamoja. Kaunti ya leo ina kisiwa, na bara pande tatu: Kisauni na Nyali upande wa kaskazini, Changamwe na Jomvu magharibi, Likoni kusini. Ramani nyingi za kale zinakionyesha kisiwa barabara, kisha bara inaachwa kama ukingo usio na maana. Tutarudi kwenye ukingo huo, kwa sababu ndimo walimoishi watu wengi.

## Mambo matatu ya kuangalia kwanza

Kabla ya kusoma jina lolote kwenye ramani, angalia kaskazini iko wapi. Tumezoea kaskazini kuwa juu, lakini hiyo ni desturi tu. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu aliyemchorea Mfalme Roger wa Sicily ramani ya dunia mwaka 1154, aliweka kusini juu. Anayeitazama kwa haraka huona pwani yetu kichwa chini.

Pili, angalia skeli, yaani uwiano kati ya urefu ulio kwenye karatasi na urefu wa ardhini. Skeli ya 1:50,000 ina maana kwamba sentimita moja ya karatasi ni mita 500 za ardhi. Kisiwa chote cha Mombasa, chenye urefu wa kama kilomita 5, kinaenea kwenye sentimita 10 hivi. Kwa ramani kama hiyo utaona barabara na hori, lakini nyumba ya bibi yako usiitafute. Kwenye ramani ya 1:2,500, sentimita ileile ni mita 25, na hapo nyumba moja moja huonekana, pamoja na kisima na ukuta wa msikiti.

La tatu ndilo kubwa zaidi, na karibu kila mtu hulisahau: nani aliihitaji ramani hii, na kwa kazi gani? Nahodha anataka kina cha maji. Mhandisi wa reli anataka miinuko. Afisa wa ardhi anataka mipaka ya viwanja. Hakuna kati yao aliyetumwa kuandika mahali wanawake walipochota maji au wavuvi walipoanika nyavu. Ukilijua hitaji la mchoraji, utajua lipi la kumwamini na lipi alilipita bila kuligeukia.

Kwa ufupi: kaskazini, skeli, hitaji. Yaandike hayo nyuma ya kila nakala ya ramani unayoipata, pamoja na mwaka wa kupimwa. Mwaka wa kuchapishwa peke yake hautoshi, kwa kuwa ramani iliyochapishwa leo inaweza kubeba vipimo vya miaka 30 nyuma.

## Waliokuja kwa bahari

Mwaka 1572 kitabu kikubwa cha picha za miji ya dunia kilichapishwa Cologne, Ujerumani, na wachapishaji Braun na Hogenberg. Ukurasa mmoja unaonyesha Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala. Ni picha nzuri ya kutundika ukutani, na maduka ya kumbukumbu huziuza nakala zake. Lakini ilichongwa Ulaya, mbali na bahari yetu. Inatueleza kwamba Mombasa ilijulikana na wafanyabiashara wa Ulaya na ikahesabiwa miongoni mwa miji mikubwa. Usiitumie kutafutia nyumba wala njia.

Ramani za Wareno za karne ya 17 ni habari nyingine. Wareno walikuwa hapa. Walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, mjenzi wa Kiitaliano, na ramani zao ni ramani za watu wanaoogopa kushambuliwa. Ile iliyomo katika kitabu cha Pedro Barretto de Resende, cha miaka ya 1630, inakionyesha kisiwa kwa jicho la mlinzi: ngome iko wapi, meli inaingilia wapi, adui anaweza kuvukia wapi.

Kisha akaja Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza. Kati ya mwaka 1822 na 1826 alipima pwani ya Afrika kwa meli za Leven na Barracouta. Homa iliwaua wengi wa mabaharia wake. Alipofika Mombasa aliwakuta Wamazrui wanaotawala mji wakitafuta kinga dhidi ya Seyyid Said wa Muscat, naye mwaka 1824 akapandisha bendera ya Uingereza bila serikali yake kumtuma. Luteni Reitz, aliyeachwa kuusimamia mji, alifariki mwaka uleule. Bendera ikateremshwa mwaka 1826, ila jina halikuteremshwa. Port Reitz ya leo, yenye hospitali na mitaa yake, inamkumbuka kijana huyo aliyekaa kwetu miezi michache.

Chati za baharini zilizofuata kazi ya Owen zimejaa tarakimu ndogo ndogo majini. Kila tarakimu ni kina, kilichopimwa kwa bildi, ile risasi ya kamba inayotumbukizwa mpaka iguse chini. Kwenye chati za zamani za Kiingereza tarakimu hizo ni pima, na pima moja ni kama mita 1.8. Asiyejua hilo ataona 10 akadhani ni mita 10, kumbe ni 18.

Sasa zifuate tarakimu hizo kwa kidole. Ingia mlango wa bahari, pinda kushoto kuelekea Kilindini, halafu rudi upinde kulia kuelekea Bandari ya Kale. Upande wa Kilindini maji ni ya kina na nafasi ya kugeuza meli kubwa ni tele. Upande wa Bandari ya Kale njia ni nyembamba. Hapo lile ambalo watalii huuliza kila siku linajibika: kwa nini mji wa kale uko huku na bandari kubwa iko kule? Jahazi halihitaji kina kirefu. Linataka maji yaliyotulia na ufuko wa kupandia maji yanapokupwa, likwanguliwe na kupakwa mafuta. Kwa jahazi, Bandari ya Kale ilikuwa na kila kitu. Meli ya moshi ndiyo iliyobadilisha hesabu. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, na magati ya maji marefu yalipofuata katika miaka ya 1920, uzito wa mji ukahamia ng'ambo ya pili ya kisiwa. Hata hivyo upande huo haukuwa mtupu: Wakilindini, mojawapo ya Thelatha Taifa (mataifa matatu) za Waswahili wa Mombasa, walikuwa na mji wao upande huo karne nyingi kabla ya winchi ya kwanza.

## Makupa: mahali pamoja, ramani nyingi

Kama una nafasi ya kufuatilia mahali pamoja tu, ningekushauri Makupa. Hapo kisiwa na bara vinakaribiana, na kila zama ziliacha alama.

Kwenye ramani za Wareno Makupa ni kivuko, mahali pa maji machache ambapo mtu angeweza kuvuka kwa miguu maji yakikupwa, nao wakapalinda kwa vingome vidogo. Walikuwa na sababu. Mwaka 1589 kundi la wapiganaji wanaoitwa Wazimba lilipiga kambi ng'ambo ya kivuko hicho. Wakati huohuo meli za Wareno kutoka Goa zilikuwa zinaushambulia mji kwa upande wa bahari, kwa kuwa ulikuwa umempokea Mir Ali Bey, nahodha wa Waturuki. Mji ukabanwa pande zote mbili, Wazimba wakavuka Makupa. Miaka minne baadaye ujenzi wa Ngome ya Yesu ukaanza.

Ramani za mwishoni mwa karne ya 19 zinaonyesha mstari mpya ukikata maji hayo: reli. Ilivuka kwa daraja lililopewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule. Kisha ramani za karne ya 20 zinaonyesha kitu kingine kabisa. Maji yamezibwa. Tuta la mawe na udongo limeunga kisiwa na bara, na barabara inapita juu yake kama kwamba kisiwa si kisiwa tena.

Hilo si badiliko la karatasini tu. Hori la Tudor upande mmoja na Port Reitz upande wa pili yalikuwa yakipeana maji kila bamvua. Tuta lilipoyatenganisha, maji yakasimama, tope likajikusanya, na mikoko na samaki wakapata shida. Mvuvi aliyelalamika kwamba bahari yake "imefungwa" alikuwa anasema jambo ambalo ramani mbili zikiwekwa pamoja zinalithibitisha moja kwa moja. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa lilifunguliwa mahali pa tuta, na moja ya sababu zilizotajwa ni kuyarudishia maji njia yake.

## Reli, viwanja na majina yaliyobandikwa

Kuanzia miaka ya 1890 ramani za mji zinazidi kuwa za ndani. Utaona vijistari vyembamba kutoka mji wa kale kuelekea Kilindini: ni reli ndogo za toroli, vigari vya abiria vilivyosukumwa na watu. Bwana aliketi chini ya paa dogo, na Mwafrika akakimbia nyuma akisukuma. Toroli zilitoweka katika miaka ya 1920 magari yalipoenea, lakini baadhi ya mitaa ingali inafuata njia zake.

Majina ya barabara yanahitaji tahadhari. Barabara ya Salim ya ramani za kikoloni ndiyo Digo Road ya leo. Kilindini Road ndiyo Moi Avenue, yenye pembe za ndovu. Asiyejua hayo anaweza kuzunguka siku nzima akitafuta barabara aliyosimama juu yake. Tengeneza daftari lenye safu mbili, jina la kale na jina la sasa, na ulijaze kila unapokwenda.

Upande wa bara ya kaskazini utaona Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kanisa la Anglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Ramani inaonyesha kanisa na mashamba ya misheni. Kengele iliyowaonya wakazi haimo kwenye ramani nyingi, ila kila dereva wa matatu anakutajia Kengeleni. Mara kwa mara ulimi wa watu hutunza kile ambacho karatasi ilikitupa.

## Nafasi nyeupe

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji apunguze mwendo.

Chukua ramani yoyote ya Mombasa ya mwanzoni mwa karne ya 20. Kisiwa kimejaa mistari. Bara, hasa Kisauni, Likoni na nyuma ya Changamwe, imejaa weupe: pengine neno "msitu" kwa Kiingereza, pengine mnazi mmoja uliochorwa kama pambo. Macho hutuambia kwamba hapakuwa na mtu. Si kweli. Palikuwa na mashamba, makaburi, visima, njia za kwenda Rabai na kwa Wadigo, na vijiji vilivyohama kidogo kila ardhi ilipochoka.

Weupe huo uligeuzwa sheria. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani, ule uliohesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Kila mwenye ardhi alitakiwa kujitokeza, kudai na kuthibitisha. Kilichothibitishwa kilipimwa, kikachorwa, kikapewa namba. Kisichodaiwa kikawa ardhi ya Taji la Uingereza. Wengi wa Wamijikenda hawakudai. Wapo ambao habari haikuwafikia, na wapo ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, haina jina la mtu mmoja wa kulipeleka mbele ya afisa. Hivyo familia iliyolima mahali kwa vizazi ikageuka skwota kwa siku moja, bila kusogea hatua.

Na hata palipochorwa, si yote yaliyoonekana. Pwani ina desturi ya mtu kumiliki nyumba bila ardhi iliyo chini yake, na mtu kumiliki minazi ndani ya shamba la mwenzake. Mitaa mizima ya Mombasa imejengwa hivyo. Ramani ya viwanja inaandika mwenye ardhi peke yake. Aliyejenga, akazaa na kuzika hapo, hamo. Kwa hiyo yule mama wa Changamwe asiichukue ramani ya kiwanja kama neno la mwisho kuhusu nani aliishi pale. Inasema nani alifika mbele ya afisa akiwa na karatasi.

Kuna mfano mwingine wa weupe uliojazwa vibaya. Katika miaka ya 1850 wamishonari Rebmann na Erhardt, waliokuwa wakifanya kazi pwani hii, waliwauliza wafanyabiashara wa misafara juu ya bara ya mbali. Kila mmoja alisema ukweli: ukifuata njia yake utafika kwenye maji makubwa. Wamishonari wakayaunganisha maji yote kuwa ziwa moja la kutisha katikati ya Afrika. Kumbe yalikuwa maziwa tofauti: Victoria, Tanganyika na Nyasa. Wasimulizi wa pwani walikuwa sahihi, kalamu ndiyo iliyokosea. Ramani hiyo ilisaidia kuwatuma wasafiri Burton na Speke kuyatafuta maji hayo, na majina yao yanajulikana duniani. Majina ya wasimulizi hayakuandikwa.

## Namna ya kuanza mwenyewe

Huhitaji shahada. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka iko Nairobi, kwenye Moi Avenue ya huko. Survey of Kenya, iliyoko Ruaraka, huuza ramani za 1:50,000 na ina picha za angani, yaani picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, za tangu katikati ya karne ya 20. Maktaba ya Uingereza imeweka kwenye intaneti, bila malipo, mamia ya ramani za kijeshi za Afrika Mashariki. Kwa kiwanja, nenda ofisi ya ardhi ya Mombasa na namba yake mkononi.

Ukishapata ramani mbili za mahali pamoja, zilinganishe. Programu ya QGIS, isiyolipiwa, hukuwezesha kuilaza ramani ya kale juu ya picha ya leo ya setilaiti. Inakuomba uonyeshe sehemu zilezile kwenye zote mbili; ni vizuri ziwe angalau nne. Chagua vitu visivyohama:

- kona za Ngome ya Yesu
- msikiti wa kale kama wa Mandhry, ambao historia yake inarudi karne ya 16
- ncha ya mwamba, kama Ras Serani

Usichague ukingo wa mikoko wala mchanga, maana hivyo husogea. Usichague njia panda ya barabara ya lami kabla ya kuhakikisha kwamba ilikuwapo.

Kwenye picha za angani tafuta miembe mikubwa na minazi iliyopangwa mistari. Mwembe mkongwe uliosimama peke yake kichakani karibu kila mara ulipandwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na nyumba karibu. Weka alama hapo, kisha uende kwa miguu.

Ukienda, usitangulize ramani. Msalimu mzee, kaa naye, mwache akutajie mahali kwa mpangilio wake mwenyewe: kisima cha nani, kaburi la nani, njia ya ng'ombe, mwamba wa kuvulia changu. Baadaye ndipo uikunjue karatasi muitazame pamoja. Ukiifungua mapema, atajitahidi kuyalinganisha maneno yake na mistari ya Mzungu, na yale yasiyo na mstari atayameza. Waulize akina bibi kando, kwa kuwa wao ndio wanaojua visima na kuni. Waulize wavuvi wa Mtongwe na wa Likoni majina ya miamba, kwani chati huyataja machache.

Kila jina jipya liandike kwenye karatasi nyembamba iliyolazwa juu ya ramani, pamoja na tarehe, na jina la aliyelisema kama ameridhia. Makaburi yaulizie idhini kabla ya kuyatangaza, hasa mahali ambapo kuna kesi ya ardhi. Nakala moja mwachie aliyekusimulia, nyingine ipeleke shule ya msingi iliyo karibu.